Steringi Kapona, Wengine Je? Maswali Yenu Kuhusu Muvi za Misiba ya Kweli

Wapendwa wasomaji, kila ikifika Aprili meseji za safu hii zinabadilika kabisa, zile za "anti nitafutie muvi ya mapenzi ya kuangalia na mchumba" zinapungua, zinaanza kuingia za Rwanda, manake ndo kipindi ambacho muvi za mauaji ya kimbari zinarudi kwenye ving'amuzi na vijana wa laibrari wanazipakia tena kwenye flashi za watu. Safari hii zimekuja nyingi na nzito. Nimechagua chache, majina nimeyaacha kama mlivyoomba, na zile ndefu sana nimezipunguza bila kugusa maana.

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, mume wangu kwao Ngara. Jumapili tulikaa sebuleni na wadogo zangu tukaweka Hotel Rwanda, wote tulikuwa hatujawahi kuiona. Ilipofika ile sehemu gari linatembea alfajiri kwenye ukungu, linaanza kurukaruka wanadhani wametoka barabarani, wanasimama kuangalia kumbe barabara yote imejaa maiti, mume wangu akanyanyuka akatoka nje. Hakurudi mpaka muvi imeisha. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo karibu na mlango anazungusha funguo kidoleni, nikamuuliza vipi, akanijibu "nyie endeleeni na muvi yenu". Wadogo zangu wanasema shemeji anajikuza, kwani yeye Mnyarwanda? Tangu siku hiyo nyumba imepoa. Nimwombe radhi au niache yapite yenyewe? – Mama Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na hao wadogo zako, wakae chini wasikilize.

Ngara na Rwanda zinatenganishwa na mto Kagera, na pale Rusumo kuna daraja na maporomoko ya maji. Mwaka 1994 ule mto ulileta maiti. Zilikuwa zinatoka juu Rwanda, zinadondoka kwenye maporomoko, zinazunguka pale chini kwenye povu halafu zinaendelea na safari mpaka Ziwa Victoria, na ndo maana kuna watu wa kanda ya ziwa walikataa kabisa kula samaki kipindi kile, muulizeni mtu mzima yeyote wa Bukoba au Mwanza atawaambia. Halafu mwisho wa Aprili, tarehe 28 na 29, wakavuka pale Rusumo watu wapatao 250,000 ndani ya masaa kama 24. Hebu jaribuni kuliona hilo, robo milioni ya watu kwa siku moja, wana magodoro kichwani, watoto mgongoni, mbuzi, majembe, wanaingia kwenye wilaya ya wakulima wa kawaida ambao jana yake walikuwa wanapalilia maharage. Kambi ya Benaco ikawa moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Miti ikaisha kwa kuni, maji yakawa ya kugombania.

Na kuna kitu kingine ambacho muvi nyingi hazikuonyeshi. Wale waliovuka siku ile hawakuwa wote waliokimbia kuuawa, wengi walikuwa Wahutu wanaokimbia jeshi la RPF, waasi ambao wengi wao Watutsi, lililokuwa linasonga mbele, na ndani yao walikuwepo watu waliotoka kuua Watutsi, wengine viongozi wa wilaya zao kabisa, wakaendelea kuwa viongozi hata kambini. Kwa hiyo mtu wa Ngara alikuwa anampa maji mtu ambaye hajui ametoka kufanya nini. Mtoto aliyekulia kwenye hali hiyo ana mambo ya kubeba, hata kama pasipoti yake haijawahi kusoma Rwanda.

Alichokiona mumeo anakijua mwenyewe, na siyo lazima akwambie. Nyie mlikuwa mnaangalia muvi, yeye akaletewa mto wa kwao sebuleni bila kuulizwa. Kutoka kwake nje siyo kujikuza, kwa kweli amefanya jambo la heshima sana, hajawazimia tivii, hajafoka, amejitoa akakaa pembeni.

Sasa wewe ufanye nini. Usimwitie kikao. Usimwombe radhi mbele ya watu ukampa kazi ya pili ya kukutuliza wewe. Subiri mkiwa wawili, mnakunja nguo au mko njiani, umwambie maneno machache tu, kwamba uliweka ile muvi bila kufikiria Ngara, na kwamba akitaka kuongea upo, asipotaka upo vilevile. Basi, nyamaza hapo. Akiongea msikilize mpaka mwisho, simu weka mbali, usimkatishe kumuuliza "ikawaje", na usije ukamwambia "hata kwenye muvi walionyesha hivyo". Asipoongea mwezi huu ataongea mwaka kesho au hataongea kabisa, na ndoa yenu itakuwa salama tu. Ila ukiona halali usiku, au anashtuka shtuka, au pombe imeongezeka, hiyo sasa msiiache, Muhimbili wana idara ya afya ya akili na kwenda pale hakuna aibu yoyote.

Na hao wadogo zako wamwamkie shemeji yao vizuri.

SWALI: Shikamoo anti, mi ni mwanachuo nakaa Mabibo hosteli. Juzi tumeangalia Hotel Rwanda tukiwa chumbani, nikasema yule meneja wa hoteli ni shujaa wa Afrika, mwenzangu akaniambia shujaa gani wakati alifungwa kwa ugaidi. Ubishi ukawa mkubwa mpaka watu wa chumba cha jirani wakaja. Nani yuko sahihi? Muvi ya kweli ile au ya uongo? – Mbishi wa Mabibo

JIBU: Marahaba. Wote wawili mmeshika kipande.

Muvi ilitoka 2004, sehemu kubwa imepigwa Afrika Kusini siyo Kigali, na Don Cheadle aliyecheza kama meneja akaingia kwenye orodha ya waliopendekezwa kupata Oscar. Hoteli yenyewe ipo mpaka leo, Hôtel des Mille Collines, katikati ya Kigali. Watu waliojificha mle ni 1,268 na waliokuwemo walitoka hai, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye nani aliwaokoa. Muvi inasema Paul Rusesabagina, meneja. Kuna manusura wa hoteli ile ile wanamshukuru, na kuna manusura wengine wamesema hadharani kwamba muvi imempa sifa zisizokuwa zake, kwamba alikuwa anadai pesa za vyumba na chakula, na kwamba kilichowasaidia zaidi ni wanajeshi wachache wa Umoja wa Mataifa waliokuwepo pale na macho ya nchi za nje. Yeye amekanusha. Baadaye alikuwa mpinzani mkubwa wa serikali ya Rwanda akiwa nje ya nchi, mwaka 2021 mahakama ya Kigali ikamhukumu miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, kesi ambayo Marekani na mashirika ya haki za binadamu waliilalamikia sana, na Machi 2023 akaachiwa. Kwa hiyo mwenzako hajatunga, ila ile kesi ilihusu mambo ya miaka ya baadaye, haikuwa kesi ya alichofanya hotelini 1994. Hapo ndo mlipokuwa mnachanganya.

Yule kanali mzungu wa Umoja wa Mataifa kwenye muvi, jina lake ni la kutungwa. Mkuu wa kweli wa lile jeshi alikuwa Mkanada, Roméo Dallaire, na yeye ndo aliyekuwa anaomba aongezewe askari, badala yake tarehe 21 Aprili 1994, watu wanachinjwa kila siku, Baraza la Usalama likapiga kura kupunguza kikosi kutoka kama 2,500 mpaka 270. Muvi imeligusa hilo lakini kwa mtu mmoja anayelewa baa, wakati lilikuwa uamuzi wa mezani New York, watu wamevaa suti.

Lakini mwanangu, mimi ugomvi wangu na muvi hizi wala hauko kwa meneja. Sisi wote tumekua tunajua steringi hafi. Toka enzi za mikanda ya video tulikuwa tunakaa tunahesabu, huyu adui, huyu steringi, huyu rafiki wa steringi atakufa katikati. Na muvi ya msiba wa kweli inatengenezwa kwa njia hiyo hiyo, wanakutafutia mtu mmoja umpende, unatembea naye, unaogopa naye, mwisho anapanda basi na familia yake unashusha pumzi. Unalala ukiwa na moyo mwepesi. Sasa Rwanda ndani ya siku kama 100, kuanzia tarehe 7 Aprili mpaka katikati ya Julai, waliuawa zaidi ya watu 800,000 kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, serikali ya Rwanda inasema zaidi ya milioni moja, Watutsi kwa sehemu kubwa kabisa na Wahutu waliokataa kushiriki. Hao 1,268 wa hotelini ndo walikuwa na bahati ya pekee. Pale Gisozi, Kigali hiyo hiyo, kwenye makumbusho, wamezikwa watu 250,000. Na shule ya ETO Kicukiro walikuwepo zaidi ya 2,000 waliokimbilia kwa askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa, tarehe 11 Aprili askari wakapanda magari wakaondoka, na wauaji walikuwa nje wanasubiri.

Kwa hiyo mkikaa tena na ubishi wenu hosteli, meneja mpeni dakika kumi, halafu muulizane hao wa shule ya Kicukiro waliangalia yale magari yakiondoka wakiwa wamesimama wapi. Hapo mtakuwa mnaongelea Rwanda.

SWALI: Anti mambo vipi, natokea Mbagala Rangi Tatu. Kuna kibanda umiza hapa mtaani nilipita nikakuta wameweka muvi ya Rwanda iliyotafsiriwa. Jamaa aliyetafsiri anaweka vichekesho, mtu anakimbizwa na panga yeye anasema "huyu leo hata nauli ya daladala hajaomba", watu hoi kwa kucheka, watoto nao wamo. Mi nikajisikia vibaya nikatoka ila washkaji wananiambia nina roho ya kizee, muvi ni muvi. Nimekosea? – Mdau wa Kibandani

JIBU: Hujakosea hata kidogo, na nashukuru umeandika.

Mimi nawaheshimu sana watafsiri wa muvi, wamewafungulia mlango mamilioni ya watu ambao Kiingereza na Kichina vingewaacha nje, na utani wao kwenye muvi za ngumi na majoka una raha yake, hata mimi nimecheka. Lakini hapa ngoja niwaambie wewe na washkaji zako kitu kimoja kuhusu Rwanda.

Kulikuwa na redio inaitwa RTLM. Ilianza kurusha Julai 1993, na vijana wa Kigali waliipenda kupita kiasi, kwa nini? Kwa sababu ilikuwa inachekesha. Redio ya serikali ilikuwa inaongea kwa kukaza shingo, hawa wakaja na miziki mikali ya Kikongo, watangazaji wanaongea kama wako kijiweni, wanataniana, watu wanapiga simu, raha tupu. Na katikati ya utani ndo wakawa wanaingiza sumu, Watutsi ni mende, mende, mende, kila siku, watu wanacheka. Aprili ilipofika sauti zile zile, na kicheko kile kile, zikaanza kutaja majina ya watu na mitaa waliyojificha na namba za magari yao. Mtu anasikiliza redio huku ameshika panga. Waanzilishi wa redio hiyo walihukumiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa hapa hapa kwetu Arusha, Desemba 2003, pamoja na mhariri wa gazeti, na mtangazaji mmoja wa RTLM ambaye ni Mbelgiji alikuwa ameshakiri makosa mapema akapewa miaka 12.

Sasa ukiweka utani juu ya mtu anayekimbizwa na panga Rwanda, unafanya kazi iliyofanywa na redio ile, hata kama hujakusudia. Unamfundisha mtoto wa Mbagala kwamba yule anayekimbia anachekesha. Sitanii na hili na wala sitaki tulipoze.

Cha kufanya, usigombane na washkaji, nenda kwa mwenye kibanda mchana wakati hana watu. Hiyo kopi imerekodiwa tayari na utani wake, hawezi kuubadilisha, ila anaweza kuchagua kuiweka au kutoiweka, na kama anataka kuonyesha muvi ya Rwanda basi aweke kopi isiyotafsiriwa, atafute mtu mmoja anayejua Kiingereza asimame mbele aeleze kwa sauti ya kawaida kinachoendelea. Na watoto watoke. Wengi wa wenye vibanda ni wazazi, ukimweleza vizuri ataelewa.

SWALI: Kwani ni lazima tuangalie haya mambo? Waliokufa wamekufa, tunafukua makaburi ya nini? – Baba Mdogo, Kariakoo

JIBU: Siyo lazima. Aliyeumia ana haki ya kutoangalia maisha yake yote na asidaiwe maelezo. Ila sisi wengine ambao haikutugusa, tukikaa kimya nayo inapotea upesi sana. Simamisha kijana yeyote pale Oysterbay umuulize barabara ya Laibon kulitokea nini tarehe 7 Agosti 1998. Bomu lilipiga ubalozi wa Marekani, jiji zima likatikisika, wakafa watu 11, tena gari la maji lililokuwa getini ndo lilizuia lile la bomu lisiingie ndani. Ni Dar hii hii tunayokaa, na kuna watu wazima wenye watoto hawajui. Makaburi hayo hayajafukuliwa baba, yamesahaulika tu.

SWALI: Habari anti. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari moja Temeke. Nataka kuwaonyesha kidato cha tatu muvi ya Rwanda tukifika kwenye mada ya migogoro, naogopa nisije nikawaumiza au wazazi wakaja juu. Niweke ipi na niweke vipi? – Mwalimu wa Temeke

JIBU: Salama mwalimu, na hongera, wengine wanasoma noti ubaoni tu wanaondoka.

Kama ni moja, mimi ningechukua Sometimes in April ya Raoul Peck, ya 2005. Imepigwa Rwanda kwenyewe, na kwa wanafunzi wetu ina faida kubwa moja, inafika Arusha, kuna mtu anaenda kumwona ndugu yake aliyekuwa mtangazaji wa redio anashtakiwa pale. Ila ni nzito sana. Ina sehemu ya shule ya wasichana ambayo mimi kidato cha tatu nisingewaonyesha hata kwa dawa. Kaa nayo mwenyewe nyumbani, andika dakika za vipande unavyotaka, uonyeshe hivyo tu, dakika arobaini zinatosha na zinabaki za kuongea. Muvi nzima darasani ni kuwachosha na kuwatisha.

Kabla ya kuwasha chochote wape kipindi kizima. Wajue Wabelgiji walioitawala Rwanda waliweka kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930, na vitambulisho hivyo hivyo ndo vilikuwa vinakaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani 1994. Wajue kwamba kuanzia 1959 Watutsi wengi walikimbia na sehemu yao walikuja huku. Wajue kwamba mkataba wa amani kati ya serikali ya Rwanda na RPF ulisainiwa Arusha Agosti 1993. Halafu waambie hii, manake wengi hata walimu hawaijui: tarehe 6 Aprili 1994 marais wa ukanda huu walikuwa na kikao hapa Dar es Salaam, mwenyeji mzee Mwinyi, jioni Rais Habyarimana wa Rwanda akapanda ndege yake pamoja na Rais Ntaryamira wa Burundi, ndege ikatoka hapa kwetu, ilipokuwa inashuka Kigali ikatunguliwa. Usiku huo huo vizuizi vikaanza kuwekwa. Wanafunzi wa Temeke ndege zinawapita juu ya vichwa kila saa, wakijua kwamba safari ile ilianzia kwenye uwanja wao utaona wanavyokaa vizuri kwenye viti.

Na mahakama nayo usiiache. Umoja wa Mataifa uliianzisha Novemba 1994, ikakaa Arusha, ikafunga kazi mwisho wa 2015, ilishtaki watu 93. Septemba 1998 ilimtia hatiani aliyekuwa meya wa Taba, Jean-Paul Akayesu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza ubakaji kuhesabiwa ndani ya kosa hilo. Hiyo kazi ilifanyika Tanzania, mashahidi wengi walikuja kwa ndege na majina yao yakafichwa ili wasidhurike, wakakaa kwenye kiti wakasema mbele ya watu waliowaua ndugu zao. Muvi inakupa sura na machozi, lakini yale waliyosema mashahidi pale Arusha ndo yenye uzito, na mwalimu unaweza kusoma kipande kifupi darasani kwa sauti.

Siku ya kuonyesha, mlango uwe wazi, waambie mapema kwamba anayetaka kutoka atoke bila kuomba ruhusa na hataulizwa. Una mtoto darasani aliyezika mama yake mwezi uliopita na wewe huna habari. Usiwaulize nani hapa ana asili ya Rwanda, hata kwa nia njema. Mwaka 1980 serikali yetu iliwapa uraia maelfu ya wakimbizi wa Kinyarwanda, wajukuu zao wamo madarasani kwetu ni Watanzania kama wengine, usimfanye mmoja awe maonyesho. Na nakuomba sana usiwape insha ya "ungekuwa wewe ungefanyaje", wala usiwapange waigize. Mtoto wa miaka kumi na sita ataandika kwamba angekuwa shujaa, wote darasa zima wataandika hivyo, na hakuna watakachokuwa wamejifunza. Waulize badala yake jirani alijuaje nani wa kumuua, taarifa ilipita wapi, nani aliandika majina. Hayo yana majibu.

Kwa wazazi, andika barua fupi kupitia mkuu wa shule, utaje jina la muvi na vipande vyenyewe. Mzazi anakasirika akishtukizwa.

SWALI: Anti mimi ni kijana wa kamera hapa Sinza, kwetu Bukoba. Nina ndoto ya kutengeneza muvi ya MV Bukoba. Skripti nimeanza, ni mapenzi ya binti wa daraja la kwanza na kijana wa daraja la tatu, meli inazama anamwokoa. Naomba ushauri, na je nitakuwa nawakosea wafiwa? – Kijana wa Kamera

JIBU: Hiyo stori ya binti tajiri na kijana maskini kwenye meli umeshaiona mahali, na mimi nimeiona, na dunia nzima imeiona. Iache huko huko. Siyo kwamba watu wa kanda ya ziwa hawapendani, lakini MV Bukoba ina mambo yake ambayo hayajawahi kuwa ya meli nyingine, na ukiyafunika kwa mapenzi ya kuazima ndo utakuwa umewakosea wafiwa.

Tarehe 21 Mei 1996, Jumanne asubuhi, meli inakaribia Mwanza baada ya kusafiri usiku kucha kutoka Bukoba na kupitia Kemondo. Ilitakiwa ibebe abiria 430. Waliokufa ni zaidi ya 800. Ukiziweka hizo namba mbili pembeni kwa pembeni huhitaji adui wa kutunga kwenye muvi yako. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, wa daraja la tatu hawakuwa nayo, waliingia tu, na ndo maana mpaka leo kuna familia hazina karatasi yoyote inayosema ndugu yao alikuwemo. Halafu meli ikapinduka ikabaki inaelea tumbo juu, kukaaminika kuna watu walio hai ndani, likatobolewa tundu ili watolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, ikazama. Kijana wangu, watu walikuwa wamesimama pale juu wanajaribu kusaidia. Mimi hiyo sehemu nikiifikiria nashindwa kuendelea na ninachokifanya.

Kwa hiyo usimchague binti wa daraja la kwanza. Mchague yule asiyekuwa kwenye orodha. Mfanye awe muuza ndizi au anayepeleka mtoto hospitali Bugando, na usimpe uhakika wa kupona kwa sababu tu kamera inamfuata. Kuzama kwenyewe huna haja ya kukuonyesha kwa maiti, huna hata bajeti yake, na wafiwa hawahitaji kuonyeshwa. Sauti za bandarini Mwanza watu wakisubiri zinatosha.

Kabla ya kuandika tena nenda Igoma, Mwanza, ambako walizikwa wengi, nenda tarehe 21 Mei wakati wa kumbukumbu bila kamera. Salimia, kaa, saidia kufagia kama wanafagia. Wanaotaka kuongea watakuambia wenyewe, na ukipata stori ya mtu usitumie jina lake wala usibadilishe herufi mbili ukadhani umemficha, omba ruhusa kabisa, ikiwezekana kwa maandishi. Skripti pitisha Bodi ya Filamu mapema usije ukapiga picha halafu ukazuiwa. Na muvi ikikamilika, watu wa kwanza kuiona wawe wale wa Igoma, siyo waandishi, siyo wadhamini wenye mabango. Wakisema sehemu fulani inaumiza kupita kiasi, itoe, usiwape hotuba ya sanaa.

Kurasa ulizoandika ziweke pembeni. Anza upya na huyo abiria wako alipandia wapi, Bukoba au Kemondo, nani alimsindikiza, na alibeba nini. Ukishazipata kurasa kumi za mwanzo nitumie kwa anwani ile ile uliyotumia kuuliza, nitazisoma zote na nitakujibu.